Paa Lisilopitisha Maji

Mwanamke yule alileta gari lake jua likielekea kuzama, mawingu yametanda. Lilikuwa gari dogo la viti viwili, lenye paa la turubai, lile linalokunjwa nyuma mtu akitaka upepo.

"Nalitaka leo leo, fundi. Mvua isinikute."

Nikamweleza kwamba turubai huoshwa kwanza, likakauka, ndipo likapakwa dawa ya kuzuia maji. Ukilipaka likiwa na vumbi, umefungia uchafu ndani.

"Lazima maji?" akauliza.

"Lazima."

Akanisogelea. Karakana nzima tulikuwa wawili tu, lakini alinong'ona.

"Basi ukisikia unaitwa... usiitike."

Akavuka barabara, akakaa kwenye mgahawa, uso ameuelekeza kwangu.

Wakati mwingine ningecheka, au ningemrudishia ufunguo wake. Lakini siku zile sikuwa mtu wa kucheka wala wa kuogopa. Mdogo wangu wa kiume, tuliyeanzisha naye kazi ile, alikuwa ametutoka kwa maradhi ya kifua. Yeye alishona mapaa, mimi nikayaosha na kuyapaka. Msibani nilipanga viti, nikasugua masufuria, nikasindikiza wageni. Chozi halikunidondoka. Watu wakanisifu kwamba nimejikaza.

Sikujikaza. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona ni wako, ukiufinya hausemi kitu.

Nikachukua brashi laini na sabuni isiyo kali. Nikasugua taratibu, nikifuata uzi wa turubai. Nikasuuza. Karibu na kioo cha nyuma mshono ulikuwa umechoka, na maji kidogo yakapenya ndani.

Tp... tp... tp...

Nilidhani ni matone yanayoangukia kiti.

Kisha turubai likainuka.

Vidole vinne, kutoka chini. Vikasukuma, vikaacha, vikasukuma tena, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta mlango. Nikachungulia dirishani. Viti vitupu. Kiti cha abiria kimelowa.

Moyo wangu haukwenda mbio. Hilo ndilo linalonitisha leo nikilikumbuka. Niliwasha feni kubwa, nikaielekeza kwenye paa, nikakaa kungoja likauke. Nikauziba mshono, nikafunika vioo na rangi ya gari kwa nailoni, nikafungua kopo la dawa.

"Dada..."

Brashi ikasimama hewani.

"Dada, nimelowa."

Sauti ilikuwa ya mdogo wangu. Hata kule kukwama kabla ya neno la mwisho, pale pumzi ilipokuwa ikimkatikia.

Nikaendelea kupaka. Kwa mistari, kutoka kioo cha mbele kwenda nyuma. Kila mstari ulipoinywa dawa, sauti ilififia, kama mtu anayefunikwa blanketi juu ya blanketi. Dada. Da... Nje giza lilikuwa linaingia. Ukabaki mstari mmoja, mwembamba, juu ya mshono. Nikipitisha brashi mara moja tu, kazi imekwisha.

Nikauweka mkono wangu pale.

Chini ya turubai, mkono mwingine ukaja kulala chini ya wangu. Ulikuwa wa baridi. Na mimi, ambaye kwa muda mrefu sikuwa nimesikia baridi wala joto, niliusikia.

"Abee," nikaitika.

Feni ikazimika. Harufu ya dawa ya kuchua kifua ikajaa karakana. Gari likainuka kidogo upande wa abiria, vile linavyoinuka mtu akishuka.

Mlango haukufunguka.

Nikapaka mstari wa mwisho.

Yule mwanamke alipokuja alimimina maji ya kikombe juu ya paa. Yakajikusanya matone ya mviringo, yakateleza, yakaisha. Hakuyatazama. Alikuwa ametega sikio kwenye turubai.

"Kimya," akasema, akaniegemea. Nikamshika. "Fundi, hukuitwa?"

"Sikusikia kitu."

Akakiweka kikombe chini.

"Tulilinunua hivi hivi, limeshatumika. Mvua ikipenya tu, linaanza kuita. Mimi liliniita kwa sauti ya mume wangu."

"Pole. Alifariki lini?"

"Nani kafariki?" Akafungua mlango wa gari. "Mume wangu mzima. Siku ile aliketi pembeni yangu, anaendesha. Sauti yake ikatoka nyuma ya kichwa changu, na yeye mdomo kaufumba. Sijui ni nini kile. Najua tu kwamba si mtu."

Akaondoka na gari lake. Mvua ikaanza.

Nikafunga karakana, nikatembea kwenda nyumbani. Ninaishi na mama. Nilimkuta jikoni, amenipa mgongo, anasuuza vikombe. Tangu msiba alikuwa hasemi ila akiulizwa. Nikavua viatu mlangoni. Hakugeuka.

"Mbona mmechelewa?" akasema.

Sauti yake ilikuwa na uchangamfu.

Mmechelewa...

Shingoni mwangu kulikuwa na pumzi. Fupi fupi, zinakwamakwama. Na ile harufu.

Ningeweza kumwambia, Mama, nimekuja peke yangu. Ningeweza kuubamiza mlango. Nilikuwa nimeshika kitasa kabisa, na maneno ya yule mwanamke bado yako sikioni.

Mama akatoa kikombe kingine kabatini, akakifuta kwa kanga yake.

Nikasogea pembeni kidogo, apite.