Aliyevuka kwa Vidole Vyangu

Jua lilikuwa linazama tulipokaribia mpaka, na mimi nilikuwa nimeshakasirika tangu mchana. Basi limeharibika njiani, maji yameniishia, na sasa nimeshuka kidogo kujinyoosha, narudi ndani nakuta kiti changu cha dirishani kimekaliwa.

Mzee mwembamba. Koti jeusi, mikono mifukoni.

"Shikamoo mzee. Hapo ni pangu."

"Marahaba. Kiti ni cha basi, kijana."

"Nimekilipia."

"Ungekuwa umekilipia ungeshuka nacho."

Abiria wakaangua kicheko. Sipendi kuchekwa. Nikamwambia maneno ambayo mtu mzima haambiwi. Konda akaja mbio: "Jamani, jamani, mpaka huo hapo, mtauana kwa ajili ya dirisha?"

Ghafla mzee akanyanyuka mwenyewe. Akatabasamu.

"Una haki, mwanangu. Nipe mkono, yaishe."

Mimi si msomi. Ninayoyajua nimejifundisha barabarani, begi mgongoni, na la kwanza ni hili: gomba hadharani, patana hadharani. Mtu akikunyooshea mkono, mpe.

Nikampa.

Ulikuwa wa baridi. Mkavu. Laini… laini kama sahani. Kiganja hakina hata mstari mmoja. Akaushika wangu muda mrefu kupita adabu, akisugua ncha za vidole vyangu kimoja kimoja, polepole. Pakanuka kama mshumaa uliopulizwa sasa hivi.

"Unakwenda kwa nani?" akanong'ona.

Nikamwambia. Sina siri, ndiyo kasoro yangu. Nakwenda kwa dada yangu. Tulikuwa hatusemezani tangu aolewe na mwanamume ambaye nilisema waziwazi kwamba hafai. Sasa mume kamfukuza, na juzi akanipigia: "Njoo, Kiguu na Njia. Nina la kukuambia, silisemi kwenye simu." Nililijua neno hilo: kwamba nilisema kweli. Miaka yote nilikuwa nalingoja.

Mzee akawa anatikisa kichwa, midomo ikichezacheza, kama mtoto anayekariri somo.

Mpakani tukashushwa wote. Ukumbi wa taa nyeupe, foleni, dirisha la kioo, na mashine ya kusoma vidole. Mabegi tuliyaacha ndani ya basi, na simu yangu humo humo. Mzee alikuwa mbele yangu. Akaweka mkono, mashine ikalia *tii*, akapita.

Zamu yangu.

"Bonyeza," afisa akasema. "Toa. Futa. Bonyeza tena. Bwana, hivi vidole umevipiga pasi?"

Nikavitazama chini ya ile taa.

Havikuwa na kitu.

Mistari yote imefutika, ncha zinang'aa kama kucha. Afisa akaandika jina langu, akaisoma skrini, akaniangalia kwa kinyaa.

"Wewe umeshavuka."

"Nimevuka vipi na nimesimama mbele yako?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sasa nimuulize nani, ukuta?"

"Ukinipandishia sauti utalala hapo kwenye benchi."

Nje, ng'ambo ya uzio, basi lilikuwa linanguruma. Watu walikuwa wanapanda. Wa mwisho alikuwa mtu wa urefu wangu, bega la kushoto limelala kama langu, amevaa koti jeusi. Mlangoni akageuka.

Kiza kilikuwa kimeingia. Uso sikuuona. Niliona mkono tu, umeinuliwa, unaniaga.

"Konda! Konda, mimi huku!"

Konda akachungulia nyuma, akahesabu vichwa. "Wote wapo. Twende!"

Likaondoka.

Nilipiga kelele mpaka mkubwa wao akatoka ofisini, baba wa makamo, macho mekundu kwa uchovu. Akanishika kifundo cha mkono, akavigeuza vidole vyangu kwenye taa. Wala hakushangaa.

"Ulimpa mkono mtu leo?" akaninong'oneza. "Baada ya ugomvi?"

"Ndiyo."

"Ugomvi mdogo tu. Wa kijinga." Akashusha pumzi. "Lazima wakuchokoze kwanza, ili uwape mwenyewe, kwa moyo mweupe. Kunyang'anya hawawezi."

"Akina nani?"

"Ningejua ningekuwa naomba uhamisho?"

Akaulinganisha uso wangu na picha ya kwenye pasipoti yangu, akanigongea muhuri, akarudi ofisini na kufunga kwa komeo.

Nilifika kwa dada asubuhi, nimejaa vumbi la lori la saruji. Akafungua mlango. Macho yamevimba kwa kulia, lakini uso mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

"Umerudia nini?"

"Kurudia? Dada, ndiyo kwanza nafika."

"Acha utani wako. Jana usiku nimekuambia yote, nimelia, ukanipa mkono. Yameisha."

"Hukuniambia mimi!"

"Haya, anza kufoka. Jana ulikuwa mpole. Ulinisikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza tangu tuzaliwe."

Begi langu lilikuwa kwenye kiti. Chumba kizima kilinuka mshumaa, na mshumaa haukuwepo.

"Lirudie," nikamsihi. "Neno moja tu, dada."

"Sirudii. Limeniuma kutoka."

Akanyanyua kikombe, kikamponyoka, kikavunjika. Akavitazama vidole vyake, akavisugua, akaviingiza chini ya mtandio. Nilimkamata nivione. Akanisukuma kwa nguvu ambayo hakuwa nayo zamani.

Sikuondoka. Ningemwachaje? Kila siku namweleza: hakuwa mimi, dada. Hakuwa mimi. Ananisikiliza kwa sikio moja, na jua likianza kuzama anakwenda kuufungua mlango wazi, anavuta kiti, anakaa kuutazama ua.

Jana nikauchukua ufunguo, nikafunga. Hata hakugeuka.

"Fungua, mdogo wangu," akasema taratibu. "Najua si wewe. Lakini yeye anajua kusikiliza."