Moyo wa Kuazima

Kila siku baada ya shule Upepo aliketi kwenye kigoda kilekile, nyuma ya cherehani ya mama yake, akiwatazama wenzake wakipita dirishani kwenda uwanjani. Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo. Upande mmoja marobota ya vitambaa, upande wa pili meza ya kukatia, na katikati Mama, fundi cherehani mwenye masikio ya ajabu. Hata cherehani iungurume namna gani, alimsikia binti yake akinyanyuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kunywa maji, Mama."

"Mdogo wako Chiriku atakuletea. Kaa."

Basi anakaa. Afanyeje? Jina la Upepo alipewa shuleni kwa sababu ya mbio zake. Ndiye aliyemalizia mbio za kupokezana vijiti, na akishakishika kijiti, washangiliaji wa shule nyingine walianza kufunga virago. Leo huyohuyo Upepo amewekwa kwenye kigoda kama mtungi.

Yote yalianza mazoezini. Moyo wake ulianza kwenda mbio ghafla, tena si mbio za mtu aliyechoka, bali mbio za kichaa, hata fulana ikawa inacheza kifuani. Macho yakaingia kiza, akakaa chini. Mwalimu wa michezo akambeba mgongoni mpaka zahanati, na kutoka hapo akapelekwa hospitali kubwa kwa daktari wa moyo.

Daktari alikuwa mama mrefu, mpole, asiyewakatiza watoto wanapozungumza. Alichora moyo kwenye karatasi.

"Moyo hupiga kwa sababu umeme mdogo hupita ndani yake, katika njia yake maalumu," alieleza. "Wewe umezaliwa na njia ya ziada, njia ya mkato. Mara nyingine umeme unaingia humo, unazunguka, unazunguka, na moyo unakwenda mbio bila sababu."

Kisha akawaeleza kuhusu utafiti. Yeye na wenzake walikuwa wakiwachunguza watoto wenye njia ya mkato. Wengine ilikuwa dhaifu, vidonge viliwatosha. Wengine ilikuwa hatari, na hao ilibidi ichomwe kwa ncha ya waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa damu mpaka moyoni. Kazi ya utafiti ilikuwa kujua namna ya kuwatofautisha mapema, kabla mtoto hajadhurika. Mama alikubali, Upepo naye akakubali. Wakampa vidonge, na wakampa mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku kidogo kinachoning'inia kiunoni, chenye waya tatu: nyekundu, njano na kijani. Kila waya ulishikizwa kifuani kwa kibandiko. Ilinasa mapigo ya moyo mchana na usiku, wiki nzima, na ilivuliwa wakati wa kuoga tu. Moyo ukianza vituko, mtoto anabonyeza kitufe. Na hadi majibu yatoke, hakuna kukimbia.

Wiki nzima! Vibandiko viliwasha kama upupu. Shuleni wakamwita Roboti. "Msimguse, atawapiga shoti!" walicheka, na Upepo akajitia kucheka nao, huku roho inamuuma. Nyumbani kigoda, darasani dawati, kitandani alale chali waya zisichomoke. Alihisi kuta zinamsogelea.

Siku moja mwalimu wa michezo alichungulia mlangoni. "Upepo, mashindano yamekaribia. Daktari akisema uko salama, kijiti cha mwisho ni chako. Asiposema, itabidi nimpe mwenzako."

Maneno hayo yalimkaa kichwani. Mashine ndiyo itakayosema, aliwaza. Na mashine haijui jina la mtu, inajua kifua ilichobandikwa.

Jioni, walipokwenda kuoga, alimvuta mdogo wake bafuni. Chiriku alikuwa darasa la pili, mwenye domo lisilofungwa hata akiwa na chakula mdomoni.

"Chiriku, unataka kuvaa mashine?"

"Ile ya roboti? Weee! Nataka!"

"Lakini ukimwambia mtu, nakuvua."

Tishio hilo lilitosha. Upepo alimbandika kama alivyomwona Mama akifanya: nyekundu juu kulia, njano juu kushoto, kijani chini kushoto. Kisha akamvika sweta juu yake. Kwa Mama alisema, "Usijisumbue, siku hizi najua kujibandika mwenyewe." Mama alikuwa amezongwa na sare za shule za kushona, akashukuru kupunguziwa kazi. Wiki ikaisha hivyo. Chiriku alitembea kwa maringo, kifua mbele, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaweza kutunza siri.

Siku ya majibu, daktari alitazama kioo cha kompyuta, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ajabu," alisema. "Siku za mwanzo alama ya njia ya mkato inaonekana wazi. Katikati ya wiki inapotea, hairudi tena. Huenda vidonge vimeifunga. Ningekupima sasa hivi kwa mashine kubwa ya kitandani, inayopima moyo mtu akiwa amelala, lakini iko kwa fundi. Kwa hiyo mbio bado, mpaka nihakikishe. Ila Mama, hii ni habari njema. Nitawaandikia wenzangu leo. Ikiwa ni kweli, kuna watoto tutakaowaepusha na kuchomwa."

Mama alifunika uso kwa mikono. Alikuwa analia kwa furaha. Upepo alikuwa ametaka ruhusa ya kukimbia tu. Ruhusa hakuipata, na sasa daktari anawaandikia madaktari wengine.

Kwenye korido walimkuta fundi baiskeli wa mtaa wao akiwa na mwanawe. Mtoto huyo walimwita Bosi, kwa sababu alimwamkia kila mtu kwa kumpa mkono kama mwenye hospitali. Naye alikuwa na njia ya mkato, na siku yake ya kuchomwa ilikuwa imeshapangwa. Mama hakuweza kujizuia, akamsimulia fundi yote.

"Vidonge vilevile anavyokunywa wangu?" fundi aliuliza.

"Vilevile!"

Fundi alimtazama mwanawe, akamvuta karibu.

Kuanzia hapo hakuna aliyemlinda Upepo. Aliweza kujichotea maji na hata kusimama mlangoni akipenda. Mama aliimba akishona, akawapa majirani habari, akamshonea binti yake gauni jipya kwa kitambaa kilichobaki. Na kila wimbo wa Mama ulimfunga Upepo zaidi. Kigoda angeweza kukitoroka. Furaha ya mama yake angeitoroka vipi?

Siku chache baadaye, akikunja sare mezani, moyo ulilipuka. Du-du-du-du, bila kituo. Akajikokota nyuma ya marobota, akashika ukuta.

"Dada," Chiriku alinong'ona, "fulana yako inacheza."

"Nyamaza."

"Nimwite Mama?"

"Nimesema nyamaza!"

Angemwambia nini Mama? Kwamba moyo uliopona umeugua tena? Wangeuliza maswali, na kila swali lingefika bafuni. Alikaa pale gizani jasho likimtiririka, akiogopa kufa na akiogopa kuonekana. Polepole moyo ukatulia. Cherehani ilikuwa bado inaunguruma, na Mama bado anaimba.

Hajapata nguvu sawasawa, akasikia hodi. Ni fundi baiskeli, ameleta suruali ya kutiwa kiraka, na Bosi yuko nyuma yake.

"Mama Upepo, nimeamua," alisema fundi. "Kesho simpeleki. Kumwingiza mtoto waya moyoni, mimi usingizi sipati. Kama wako amepona kwa vidonge, wangu naye atapona."

"Mungu akujalie, kaka," Mama alijibu. "Lakini siku hizi hali yake vipi?"

"Anajikaza. Juzi alizimia, lakini mara moja tu."

Bosi alikuwa amekwishampa Mama mkono, akampa Chiriku, akamfuata Upepo nyuma ya marobota. "Habari za kazi?" alimsalimu. Ngazi za mlangoni zilikuwa chache, lakini alikuwa anahema mdomo wazi. Akavuta kigoda cha Upepo, akakaa juu yake, akatulia kama mzee.

Upepo alikitazama kile kigoda. Kisha akapiga moyo konde, akajitokeza.

"Baba, mpeleke kesho."

Fundi aligeuka. "Unasemaje, mwanangu?"

"Mimi sijapona. Mashine niliivaa siku za mwanzo tu. Zilizobaki nilimvalisha Chiriku."

Cherehani ilisimama.

"Mimi sijasema!" Chiriku aliruka. "Dada, si umeona? Sijasema mimi!"

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka taratibu, mkasi ukamwanguka. Upepo alingoja kelele, alingoja hata kofi. Mama alimshika tu mabega, macho yamemjaa maji.

"Kwa hiyo siku zote hizi nimeimba kwa moyo wa Chiriku?" aliuliza. "Na wako, mwanangu? Wako uko vipi?"

Hapo ndipo Upepo alipolia, akasema kwa kwikwi kwamba ulikuwa umemkimbia muda mfupi tu uliopita, palepale, nyuma ya vitambaa.

Asubuhi walikwenda hospitali wote: Mama, Upepo, Chiriku aliyekataa kubaki, na fundi amembeba Bosi. Upepo aliyasema yote mwenyewe, amesimama, mikono nyuma. Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilikwishawaandikia wenzangu," alisema hatimaye. "Leo nitawaandikia tena niseme wasiyatumie majibu yale. Nashukuru umesema leo. Ungechelewa, daktari mwingine mahali nisipopajua angemwacha mtoto hatarini kwa kuamini moyo wa mdogo wako."

Kisha akainama, macho yake yakawa sawa na ya Upepo.

"Hebu niambie. Kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Nilidhani hairuhusiwi."

"Inaruhusiwa. Siku ya kwanza nilisema mtoto anaweza kuacha utafiti wakati wowote, na matibabu yake yasipungue hata kidogo. Labda nilisema haraka, ukiwa na hofu zako, hukusikia. Sasa nasema tena polepole. Unataka kuendelea, au uache? Jibu lolote ni sawa."

Upepo aliduwaa. Muda wote ule alijiona amefungiwa, kumbe mlango ulikuwa wazi! Alimtazama Mama. Mama alimwachia aamue mwenyewe.

"Nitaendelea," alisema. "Lakini vibandiko vinawasha sana."

"Vinawasha?" nesi aliuliza kwa mshangao. "Mbona hukusema? Tuna vingine laini, vya ngozi kama yako." Akafungua droo, akavitoa. Droo ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti ambacho Upepo alikalia siku ya kwanza.

Bosi alichomwa njia yake siku ileile. Upepo alivaa mashine upya, wiki nzima, na kila moyo ulipoanza vituko alibonyeza kitufe. Majibu yalionyesha njia yake ni miongoni mwa zile za hatari. Mashindano yakapita, kijiti cha mwisho akakikimbiza mwenzake, naye Upepo akashangilia kutoka kwenye benchi. Iliuma, tusidanganyane. Shule zilipofungwa, zamu yake ikafika. Alilala kwenye chumba baridi chenye taa nyingi, waya mwembamba ukapitishwa, njia ya mkato ikachomwa.

Baadaye, kwenye mashine ya kitandani iliyokwishatengenezwa, mstari wa moyo wake ulipita kiooni safi, sawasawa. Daktari aliuangalia kwa muda mrefu.

"Huu ni wako," alisema. "Nimeuhakiki mimi mwenyewe."

"Na wangu je?" Chiriku alidakia.

"Wako ni mzima kabisa. Ila hata ukilala hautulii, kama mdomo wako."

Safari hii wote walicheka. Daktari akamshika Upepo mkono.

"Sikia, mwanangu. Mimi sioni ndani ya kifua chako. Naona kile tu unachokubali kunionyesha, na dawa ninayotoa inafuata hicho. Ukinificha ugonjwa, nitautibu uongo, na ugonjwa utabaki nawe. Ukichoka, sema umechoka. Ukiogopa, sema unaogopa. Ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema siku ile. Hakuna kipimo nilichonacho kinachoweza kusema kwa niaba yako."

Siku alizoambiwa apumzike zilipokwisha, Upepo alikuwa kwenye kigoda chake akishona vifungo. Wenzake walipita dirishani. Akaweka sindano mezani, akanyanyuka.

"Unakwenda wapi?" Mama aliuliza, hata hakugeuka.

"Kukimbia, Mama."

Cherehani ilisita kidogo, halafu ikaendelea.

"Haya, nenda. Ukichoka, useme."