Nilizifunga Rafu kwa Ufunguo, Moto Ukabaki Ndani

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Walikale, lakini tangu kuolewa nakaa Mweso, huku Masisi. Jina langu sitalitaja. Wanaonijua watanitambua kwa haya ninayoyaandika, na baadhi yao hawanisalimii tena... Nawaelewa.

Nilikuwa mtunza hati wa chama kimoja cha wakulima. Huku kwetu, mtu akikimbia vita hubeba mtoto, sufuria na karatasi za shamba. Mtoto na sufuria hubaki navyo. Karatasi, kama ana akili, huziacha mahali penye ukuta na bati. Mahali hapo palikuwa kwangu. Watu waliniita Mama Dosye, yaani mama wa mafaili, nami jina hilo nililipenda mno! Nilipita sokoni shingo imesimama kama mke wa waziri.

Siku moja chama kikapewa rafu za chuma zilizotumika katika ofisi moja ya Goma. Hazikuwa rafu za kawaida. Zilikuwa sita, zimesimama juu ya reli, kila moja ina usukani ubavuni. Unazungusha usukani, rafu inasogea, njia moja inafunguka. Ukitaka njia nyingine, hiyo ya kwanza unaifunga. Hivyo chumba kidogo kikabeba karatasi za nyumba nzima.

Fundi aliyezifunga alikuwa Papa Kasereka, mtu wa Butembo, mpole, mwenye kusema neno moja moja kama anayepima unga. Alijenga tanki la maji ya mvua nje, akapitisha bomba chini ya dari. Bomba lile lilikuwa na vichwa vinavyofunguka vyenyewe moto ukiwaka. Kabla hajaondoka alinisimamisha katikati ya chumba.

"Mama, sikia muzuri," akaniambia. "Ukitoka humu ku bilo yenu, usifunge hizi rafu zishikamane. Uache kiganja kimoja katikati ya kila rafu. Moto ikianza mu rafu yenye kufungwa, itakula ndani polepole, hautaiona, na maji ya huku juu haitaifikia. Juu ya rafu usiweke kitu. Na moto, hata ya bujia, mushumaa kidogo tu, isiingie humu!"

Akanichongea vipande vya mbao vya kuweka juu ya reli, ili rafu zisigusane. Akaniomba pia niandike daftari la pili, nikalitunze nyumba nyingine. Nikaitikia ndiyo, ndiyo... moyoni nacheka. Kiganja! Katika Masisi hii, ambako watu wenye bunduki huja wakang'oa hata milango, wewe unaniambia niache kitu wazi? Mimi niliona usalama ni kufunga. Alipoondoka tu, nikazisukuma rafu zote zikashikana ndi, nikatia ufunguo. Vile vipande vya mbao nikavipeleka jikoni, maharage yakaiva.

Wakimbizi walizidi kuja. Nafasi ikaisha, nikaanza kupanga makatoni juu ya rafu mpaka karibu na dari, nikayafunika turubai kwa sababu bati lilivuja. Nilijisifu kwa akili yangu!

Halafu kuna jambo jingine, na hili mtu asiye wa kwetu huenda asinielewe. Walikale, kitu cha thamani hukaa juu ya moto. Mbegu za baba yangu, nyama yake ya msituni, hata kikapu cha vitu vya ukoo, vyote vilikaa kwenye uchaga juu ya jiko. Moshi ulifukuza wadudu, joto lilifukuza unyevu. Nimekua nikijua kwamba moto ni mlinzi. Na Mweso ni baridi, mvua haina huruma, karatasi zinaota ukungu. Kwa hiyo niliingiza mbabula ya makala, lile jiko letu dogo la makaa, ndani ya kile chumba, nikatundika karatasi kwenye kamba, nikazikausha. Zaidi ya mara moja!

Sasa niwaambie habari za Riziki. Alikuwa mjane, rafiki yangu wa kuimba naye kanisani. Alikuwa na shamba karibu na Ngungu, la maharage na viazi, alilonunua na marehemu mume wake. Vita vilimleta huku, akaishi kambini Kashuga chini ya turubai. Karatasi ya shamba lile aliniletea mwenyewe, imelowa, ameibana kifuani. Alikuwa na hiyo moja tu. Majirani walioona akinunua walikuwa wametawanyika, wengine hata hajui kama wapo hai.

Siku moja akaja mbio. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameingia shambani na jembe, anasema ni mali ya ukoo. Chefu, mkuu wa huko, alikuwa amewaita wote wawili. Riziki akaniomba karatasi yake.

Nikamkatalia. Nikamwambia hapa iko salama kuliko chini ya turubai lake, nitampa siku ya safari, ikiwa imekauka vizuri. Akarudi tena siku ya pili yake. Nikamgombeza! Nikamuuliza kama hana imani na mimi. Akainamisha kichwa, akasema, "Imani iko, dada." Akaenda zake.

Kesho yake mvua ilianza asubuhi. Nikawasha mbabula barazani, makala yalipokuwa mekundu nikaiingiza ndani, nikaiweka kati ya rafu ya tatu na ya nne. Nikatundika karatasi. Ile ya Riziki niliitundika mwenyewe, karibu kabisa na joto, ili ikauke upesi. Kwa sababu nilimpenda... Mnaona upendo wangu?

Mchana, kelele barabarani. Watu wanakimbia! Huku kwetu hakuna anayeuliza, unakimbia kwanza. Watoto wangu walikuwa shuleni. Nikazichomoa karatasi kwenye kamba, nikazikusanya kwenye katoni, nikaisukuma chini kabisa ndani ya rafu ya tatu. Mbabula nikaitupa barazani. Na hapa ndipo ninapoomba Mungu anisamehe, maana niliuona... Kwenye pembe ya karatasi moja palikuwa na wekundu mdogo, kama kichwa cha kiberiti kilichozimwa. Niliuona! Nikajiambia, nikizifunga rafu utakosa hewa, utakufa wenyewe. Nikazungusha usukani, rafu zikagongana, nikatia ufunguo, nikaufunga kwenye ncha ya kitenge changu. Nikakimbia.

Kumbe hapakuwa na vita. Ng'ombe wa tajiri mmoja walikuwa wamevunja ua, wakashuka mjini, watu wakakimbia kwa kuona watu wanakimbia. Pale shuleni walimu walikuwa wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka nao, nimemshika mtoto wangu wa mwisho mkono, nilipoona moshi upande wa ofisi.

Sikumbuki njia niliyopita. Nilifika nimepoteza kiatu kimoja. Mlinzi wetu, Papa Shemu, alikuwa ndani, anavuta rafu kwa mikono mitupu. Alikuwa mzee wa kijiji cha baba yangu, baba ndiye aliyemkaribisha pale, na kazi ile nilimtafutia mimi. Chuma kilikuwa cha moto hata rangi inatoa mapovu, naye haondoi mikono! Moshi ulitoka kwenye mianya ya rafu, mzito, wa njano. Moto wenyewe hauonekani. Ulikuwa ndani, unakula.

Kichwa cha bomba juu kilikuwa kimefunguka kama Papa Kasereka alivyosema. Maji yalimwagika kwa nguvu... juu ya turubai langu! Yakateleza pembeni, yakashuka sakafuni, yakatiririka mpaka mlangoni bila kugusa moto hata kidogo. Vijana wa mtaa walileta ndoo, wakarusha. Maji yaligonga chuma, yakarudi.

"Ufunguo! Ufunguo iko wapi?" Papa Shemu akapiga kelele.

Fundo la kitenge lilinikataa. Nilipolifungua kwa meno na kutia ufunguo, usukani ulizunguka nusu, ukakwama. Tukausukuma watu watatu. Rafu ikafunguka kiganja kimoja, na hewa ikaingia. Loo! Moto ulisimama kutoka chini mpaka dari kwa pumzi moja. Papa Shemu alinishika mkono, akanitupa nje.

Rafu ya tatu na ya nne ziliteketea zote. Daftari langu la pekee lilikuwa ndani ya ile ya tatu. Karatasi ya Riziki... msiniulize.

Jioni ileile kamati ya chama ilikaa. Presida, mwenyekiti wetu, akauliza moto umetoka wapi. Wasomaji wenzangu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Dakika moja tu! Lakini niliwaza jina langu, Mama Dosye, niliwaza watoto, na mdomo ukatangulia kichwa. Nikasema Papa Shemu huvuta mtemba mlangoni. Kila mtu alijua anavuta. Ile mbabula ya barazani nikasema ni ya chai.

Mzee aliniangalia. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa majani ya mgomba. Alijua! Aliiona mbabula ikiingia asubuhi. Lakini kwetu mzee hamwaibishi mbele za watu mtoto wa mtu aliyemkaribisha. Akasema tu, "Mimi sina neno." Wakamfukuza. Akarudi Walikale, na mikono ile.

Ikaandikwa karatasi ya ushahidi, ambayo sisi tunaiita PV. Nikaweka mkono juu ya Biblia, nikatia saini. Chini yake nikaandika, kwa kukumbuka kichwani, orodha ya hati zote zilizoungua na majina ya wenyewe. Kila familia ikapewa nakala yenye muhuri, iwe badala ya karatasi yake. Riziki alipopewa ya kwake aliibusu. Akaniambia nimemwokoa.

Nililala namna gani? Sikulala.

Tulikwenda Ngungu pamoja, mimi nikiwa shahidi. Njia ni mbaya, matope yanafika magotini, mara tatu tulishuka kwenye pikipiki tukaisukuma. Njia nzima Riziki alikuwa akiimba.

Chefu alikuwa mtu wa haki. Aliisoma PV polepole, akauliza nani aliandika orodha. Nikasimama, nikasema ni mimi, karatasi ya shamba niliisoma kwa macho yangu, mipaka ni mto na msitu wa mikaratusi. Nikaona chefu anatikisa kichwa kukubali. Riziki akanifinya mkono. Tulikuwa tumeshinda!

Ndipo yule shemeji akasema naye ana shahidi. Watu wakapisha njia... akaingia Papa Shemu.

Shemeji alikuwa amemfuata mzee mpaka Walikale ili kuivunja ile PV. Mzee alikuwa amekonda. Chefu akamuuliza kama mtemba wake ulichoma hati za watu.

"Ile siku sikuvuta," akajibu. "Tumbako iliishaka juzi. Lakini sitaki kusema mingi. Mumuulize uyu mutoto wetu."

Akakunjua mikono yake ili ashike fimbo, nikaviona viganja. Vilikuwa vimekunjamana, vinang'aa, vidole viwili havinyooki tena. Chefu akanigeukia. "Mama, ni mutemba ya muzee ilileta moto?"

Riziki alinitazama. Alikuwa hajui kitu, masikini, lakini aliona uso wangu, akaanza kuogopa. Ningesema ndiyo, shamba lingebaki lake na mzee angeondoka ameitwa mwongo. Ningesema hapana... Jasho lilinitoka kwenye baridi ya Ngungu! Niliomba ardhi ipasuke, haikupasuka.

Nikasema, "Hapana. Mbabula ilikuwa yangu."

Nikasimulia yote: kiganja, mbao, turubai, wekundu kwenye pembe ya karatasi. Nilipomaliza Riziki alikuwa ameweka mikono miwili kichwani kama mtu aliyefiwa.

Chefu akasema, bila hasira, "Mama, uliapa ku Biblia, ukadanganya. Hii liste ya hati uliandika ile siku, na mukono ule ule. Mimi nitaamini mustari gani, na gani nitaacha?" Akaikunja PV, akamrudishia Riziki. Shamba likabaki kwa shemeji, mpaka siku ushahidi mwingine utakapopatikana. Ushahidi gani?

Nje nilimpigia Papa Shemu magoti. Aliniinua kwa mikono ile, akaniambia niende kwa Riziki kwanza. Riziki alikuwa ameketi kwenye jiwe, hatoi machozi.

"Dada," akasema, "juu ya moto sikukasirikii. Moto ni moto. Lakini kwa nini ulingoja mupaka leo?"

Hakurudi nami. Alibaki Ngungu, kwa kuwa huko Kashuga alikuwa hangojewi na mtu. Waliotoka huko waliniambia analima kibarua. Analima lile lile shamba lake, kwa malipo ya siku, na jioni anamkabidhi shemeji jembe. Nilituma watu mara nyingi kuomba msamaha. Anasema amesamehe. Sijawahi kuthubutu kwenda kumwona.

Wenzangu mnaotunza vitu vya watu, iwe parokia, shule, au nyumba ya chama, nawasihi! Fundi akikuambia uache kiganja kati ya rafu na rafu, acha. Juu yake pasikae kitu, maji yapate njia. Moto usiingie hata kama baba yako alikaushia nyama. Andika daftari la pili. Usifikiri kufunga ndiyo kulinda, mimi nilifunga na ona nilichofunga ndani.

Na ukikosea, sema siku ileile, hata sauti ikitetemeka. Kazi ingenipotea, jina lingenipotea, lakini ile orodha ingeaminika, na Riziki angekuwa analima kwake. Watu wengine hunisifu eti mwisho nilisema kweli. Wananichoma tu! Kweli niliisema, ndiyo... lakini nilingoja mpaka siku ambayo wa kuilipia hakuwa mimi.