Vibua wa Mzee Marhoon

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua la Bustan, kijiji cha pwani walichohamia kutoka Unguja, halijaanza kuchoma, Mahfoudha alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata chembe: kutengeneza samaki. Ijumaa ile ya mwaka 1967 baba yake alirudi kutoka pwani na kapu la vibua wabichi, wadogo wadogo. Mahfoudha alipowahesabu wakafika arubaini, akatamani kulia.

"Mama, hawa si wa kutoa minofu! Kwetu Unguja tulikuwa tukiwakaanga wazima."

"Leo sahani moja inakwenda kwa jirani yetu, Mzee Marhoon," alijibu mama yake, Bi Kheiria, huku akikuna nazi. "Mwezi uliopita mwiba ulimkwama kooni, nusura tumzike. Kila mnofu uupapase kwa kidole, mwiba ukiuona uutoe."

Basi akaketi uani. Akapaa magamba, akakata vichwa, akatoa matumbo, akapitisha kisu kufuata uti wa mgongo. Magamba yalimrukia mpaka kwenye nyusi. Paka wawili walimzunguka, na mdogo wake Aflah, mtoto wa miaka saba, akawa haachi kuuliza kama bado.

"Bado! Hebu niondokee hapa!"

Kisu butu, vidole vinauma, na vibua ndio kwanza hawapungui! Walipobaki kumi, uvumilivu ulimwishia. Akawapasua mbio mbio, asipapase hata mnofu mmoja, kisha akaichanganya minofu hiyo na ile safi.

"Umeipapasa yote?" mama aliuliza.

"Yote," akajibu Mahfoudha, macho makavu.

Adhuhuri, baada ya sala, Aflah alitumwa kwa Mzee Marhoon na sahani ya wali na mchuzi wa samaki. Nyumbani Mahfoudha akatia tonge lake la kwanza kinywani. Mwiba ukamchoma ulimi. Akaikumbuka sahani ya mzee. Akaruka, akatoka pekupeku, mama yake nyuma akimwita bila kujibiwa.

Mzee Marhoon alikuwa mkekani na binti yake, Bi Muhsina, tonge likielekea mdomoni.

"Babu, usile!" Mahfoudha alipiga kelele. "Kuna miba! Sikuipapasa yote. Nilimdanganya mama."

Mzee akalirudisha tonge sahanini. Bi Muhsina akachambua samaki polepole, akaweka miba mitatu ukingoni mwa sahani. Bi Kheiria alifika akihema, akaiona ile miba.

"Ya Rabbi, mtoto gani huyu! Vibua tu wamekushinda? Kuchoka si dhambi, mwanangu. Ungesema umechoka, ningemalizia mimi. Mara ngapi nikwambie?"

Mahfoudha aliona aibu hata akashindwa kuinua uso. "Nisamehe, babu," alisema.

"Nimekusamehe, kwa kuwa umekuja mbio na umesema kweli," Mzee Marhoon akajibu. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Mie nnakula kwa kuliamini neno la mama yako, na yeye kaliamini lako. Mwiba nnaweza kuutafuta kwa ulimi. Uongo ntautafuta kwa kitu gani?"

Mahfoudha alinawa mikono, akaivuta sahani, akaanza kuupapasa mnofu wa kwanza, na mzee akasubiri chakula chake.