Lori la Majani Lililorudi Nyuma

Watu wa kwetu, madereva na msio madereva, sogeeni niwaambie kitu. Mimi Marcella nauza ndizi kando ya ile raundabauti mpya huku kwetu Konoin, na niliyoyaona pale siwezi kuyanyamazia.

Jioni ile ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imekatika, wachumaji wa chai wanarudi nyumbani wakicheka, na ndizi zangu zinaenda vizuri tu. Mara honi zikaanza.

Mnajua desturi yetu. Lori lililobeba majani chai, sote tunaliachia njia. Majani yakikaa yanaungua kwa joto na kuharibika, na karibu kila nyumba hapa inakula kutokana na chai. Zamani kwenye barabara ya vumbi ilikuwa sawa. Lakini sasa tumejengewa raundabauti, na sheria yake ni rahisi: mpishe anayetoka kulia kwako, aliye ndani ya mzunguko atoke kwanza. Jirani yangu Obure, dereva wa lori la majani, aliicheka sheria hiyo. "Hiyo ni ya watu wa magari madogo," alisema. Mkewe Janefer, aliyekuwa na mimba ya kukaribia kujifungua, alimsihi kila asubuhi, "Baba Mokeira, si usimame tu kidogo?" Wapi! Mtu kichwa ngumu!

Siku hiyo akaingia bila kungoja. Lori lingine la majani likaingia kutoka upande wa pili, vivyo hivyo. Mzunguko ukafungika kabisa, wa ndani hawatoki, wa nje hawaingii. Matusi yakaanza. Obure akakunja mikono juu ya usukani. "Sirudi nyuma! Niko na majani!"

Ndani ya mzunguko, nyuma ya trekta, nikaona gari la Alfayo, jirani yetu, limekwama. Nikaenda kuchungulia. Janefer! Amelala kwa kiti cha nyuma, jasho linamtiririka. Daktari alikuwa amemwambia mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza tu akimbizwe hospitali apasuliwe.

"Marcella, mtoto wangu anakufa," aliniambia.

Nikakimbia kwenda kugonga mlango wa lori la Obure kwa ngumi. "Obure! Unajua umemfungia nani njia? Ni Mama Mokeira! Uchungu umeanza!"

Alishuka kama mtu aliyemwagiwa maji moto. Akakimbilia madereva waliokuwa nyuma yake, mikono juu. "Wazee wangu, nisameheni, mimi ndiye nimekosa! Rudini nyuma kidogo, mke wangu yuko humo ndani!" Wakarudi. Naye akalirudisha lori na majani yake yote, jambo ambalo hapa kwetu halijawahi kuonekana. Dereva wa lile lori lingine kuona hivyo, naye akarudi. Trekta likatoka. Alfayo akatoka, akakanyaga mafuta! Tulipiga vigelegele mpaka koo zikauma. Obure akaegesha lori kando, akarukia pikipiki kuwafuata.

Giza lilipoanza kuingia simu yangu ikalia. Obure alikuwa analia na kucheka pamoja. "Marcella, ni msichana! Mama yake yuko salama! Daktari anasema tungechelewa zaidi kidogo..." Pale pale kando ya raundabauti tukaanza kuimba, na ndizi zilizobaki nikagawa bure.

Siku hizi malori ya majani yanasimama pale mstarini, wa kulia anapita, kisha nayo yanaingia. Na amini usiamini, majani yanafika kiwandani mapema kuliko wakati ule wa kubishana.

FUNZO

Ndugu zangu, kwenye raundabauti hakuna mtu mkubwa wala mzigo mkubwa. Anayetoka kulia apite, aliye ndani atoke, nawe ungoje zamu yako. Ukimfungia mwenzako njia, hujui amebeba nani. Obure hakujua, na watu aliowafungia walikuwa mke wake na mtoto wake mwenyewe.