Barua Mbili za Faida

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Faida alimsaidia mama yake, Mama Asha, kuanika ndagala, wale dagaa wadogo, kando ya ziwa, katika mji wa Baraka, eneo la Fizi. Kisha alinawa mikono kwa sabuni na kukimbilia darasani. Alikuwa na miaka kumi na minane, naye alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Hesabu na fizikia zilimwingia upesi kuliko wenzake wote.

Siku moja baada ya masomo, mwalimu wake Casimir alimwita.

“Kuna chuo kikuu kimoja kikubwa ng'ambo,” alisema. “Kinachagua vijana wachache kutoka dunia nzima, na wakikuchagua, watakusomesha bure. Mimi sijasikia mtoto wa Fizi aliyeingia pale. Lakini sijasikia pia aliyejaribu.”

Alama za Faida zilitosha. Ilibaki barua ya kueleza yeye ni nani na amefanya nini, nayo ilipaswa kufika kabla ya Ijumaa jioni. Siku mbili Faida alikaa na daftari bila kuandika neno. Watoto wa miji mikubwa wana maktaba na maabara, aliwaza. Yeye angewaeleza nini wale wakubwa? Harufu ya samaki?

Jumatano alikwenda kwa Darius, jirani mwenye kibanda cha kupiga chapa karibu na soko.

“Yaya Darius,” alisema, kwani alimwita kama kaka mkubwa, “nisaidie. Mi sina la kuandika.”

“Hiyo iko kazi nyepesi,” Darius alisema. “Bale batu banapenda machozi. Tuandike we ni yatima, baba yako alikufa vitani, unalala Lusenda, kambini kwa wakimbizi.”

“Lakini baba iko muzima. Iko anatengeneza mashini za mitumbwi.”

“Nani atakuja Baraka kumuangalia?”

Faida alisita, lakini muda ulikuwa unakwisha. Alitoka na barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwa Kifaransa kizuri.

Nyumbani alimkuta mama akimenya mihogo. Kwa kuwa mama hakujua Kifaransa, Faida alimsomea barua kwa Kiswahili, bila kusema ni ya nani. Alitaka tu kujua kama inagusa moyo. Alipomaliza, Mama Asha alikuwa ameweka kisu chini, akifuta macho.

“Masikini,” alisema. “Huyu mutoto anaitwa nani? Iko na batu ba kumulinda? Kesho tumupelekee ndagala na kile kitenge changu cha bluu.”

Uso wa Faida uliwaka kwa aibu. “Mama, ni mimi,” alisema kwa sauti ndogo. “Yaya Darius ndiye aliandika.”

“Nimemulilia huyo mutoto,” mama alisema, “lakini wewe sikukuona humo. Na baba yako umemuzika iko muzima. Batoto ba namna ile bako kweli. Shida yabo haiko nguo ya kuazima.” Akachukua tena kisu. “Mbona haukuandika juu ya chanja?”

Faida alikuwa hajawaza kwamba chanja zinaweza kuandikwa. Masika iliyopita, ndagala za akina mama zilikuwa zikioza mchangani. Yeye alijenga chanja ya miti na nyavu kuukuu ili samaki wakauke juu, penye upepo. Chanja ya kwanza ilikuwa fupi, mbwa wakala samaki wote. Ya pili iliangushwa na dhoruba. Ya tatu ilisimama. Kwa miezi miwili aliandika kila siku muda ambao samaki walichukua kukauka, chini na juu. Juu walikauka kwa nusu ya muda, tena bila mchanga. Sasa akina mama kumi na saba walitumia chanja zake.

Aliiweka kando barua ya Darius, na Alhamisi nzima aliandika hayo, hata habari ya mbwa. Ijumaa alasiri mtandao ulikatika shuleni. Yeye na mwalimu Casimir wakakaa mbele ya kompyuta, wakingoja. Ulirudi saa kumi na moja kasorobo, na barua ikaenda.

Baada ya wiki sita, mwanamke mmoja wa chuo alipiga simu kwa video. Aliuliza maswali mengi, hasa kuhusu chanja zilizoanguka. Kisha akasema, “Sasa ningependa kumsalimia baba yako.”

Faida aliikumbuka ile barua ya kwanza, iliyosema baba amekufa, akatoka mbio kumwita. Baba yake, Rashidi, akaja na mikono yenye mafuta ya mashini, akasalimia, na mwalimu Casimir akatafsiri maneno yake.

“Huyu mutoto anauliza sana,” alisema Rashidi. “Hata mashini yangu hanitengenezei bila kuandika kwanza nini kiliharibika.”

Mwanamke yule alicheka kwa furaha.

Mwezi wa nne jibu lilikuja: Faida amechaguliwa. Ufukwe mzima ulijaa vigelegele, na akina mama wa chanja wakambeba juu juu. Darius mwenyewe alichapa ile barua ya chuo na kuileta.

“Mi nilikuandika vibaya,” alimwambia. “Unisamehe.”

Kesho yake mwalimu Casimir alisoma barua hiyo ya chuo mbele ya shule nzima. “Wengi wenu mnadhani maisha yenu ni madogo, hayafai kuelezwa,” alisema. “Faida alisema kweli juu ya kazi ya mikono yake, na mlango ukafunguka. Fanyeni kazi, kisha semeni ukweli wake bila haya. Haya, nani atajaribu mwaka ujao?”

Mikono ishirini na mitatu ilipanda juu.