Chumba cha Salfa

Hivi wewe unayesoma, ukisikia mtu anagonga mlango kutoka ndani ya chumba kilichofungwa na serikali, utafanya nini? Usijibu haraka. Sisi Kibiti tuliulizwa swali hilo mwaka tisini na nne, tukafeli wote.

Tuanze na duka. Mwaka tisini na sita, soko huria limekolea, kila mwenye vijisenti anaitwa mwekezaji, Haruni alirudi kutoka Dar na marobota mawili ya viatu vya mitumba. Alipoyafungua akakuta viatu vyote vina magurudumu, manne manne, yamepangwa mstari mmoja kama meno ya chanuo. Mtu mwingine angelia. Haruni alikuwa na maneno ya semina: private sector, bwana, ndiyo engine. Tatizo ni kwamba Kibiti ni mchanga mtupu, na sakafu pana ya saruji ilikuwa moja tu, ya ghala la korosho la chama cha ushirika kilichokufa. Akalikodi kwa mfilisi, akatundika viatu ukutani, akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: VIATU VYA MAGURUDUMU, KUUZA NA KUFUNDISHA.

Mkataba ulikuwa na sharti moja. Nyuma ya ghala kuna chumba walichokuwa wakiweka salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho. Mlango wa chuma, mnyororo, kufuli, na juu ya kufuli lakiri nyekundu yenye muhuri. Mpangaji asiuguse.

Wafanyakazi walikuwa wawili. Saadi, fundi baiskeli, alibadilisha beringi na kuwashika mkono wanaojifunza kusimama. Zuena aliuza. Zuena ni binti wa Mrisho, mlinzi wa ghala hilohilo, aliyetoweka wiki ile ushirika ulipofungwa. Mji ulisema kapanda boti Nyamisati, kafuata mwanamke Mafia. Mama yake hajakaa eda, hajapewa talaka, yupo tu katikati, na Zuena aliiomba kazi ile apate kukaa pale baba yake alipoonekana mara ya mwisho. Alitaka kujua kitu kimoja: yuko wapi.

Asubuhi moja alikuta jozi moja imeteremka ukutani. Imesimama sakafuni, ncha zimeelekea mlango wa chuma.

"Saadi, jana ulichezea viatu?"

"Nicheze na saizi ya mtoto? Panya hao, dada."

"Panya anashusha viatu viwili, anavipanga?"

"Panya wa soko huria. Naye kawekeza."

Kesho yake zikawa jozi tatu. Keshokutwa saba, zote zinatazama kulekule, na ghala zima linanuka salfa, harufu inayokwaruza koo.

"Sakafu imeinamia kule," alisema Haruni. "Mambo ya physics."

Saadi akachukua beringi, akaiweka mbele ya mlango wa chuma. Ikabingirika taratibu, ikawapita miguuni, ikatoka nje barabarani. Sakafu iliinamia mbele. Viatu vilikuwa vinapanda.

"Tajiri," Saadi alisema kwa sauti ya chini, "physics gani hiyo?"

Haruni akaanza kuvirudisha viatu ukutani.

Ijumaa ikafika. Adhuhuri wanaume walikwenda msikitini, Zuena akaegesha mlango wa mbele, akabaki peke yake akipanga kamba za viatu. Jua lilikuwa utosini, bati linalia kwa joto, hakuna upepo. Gurudumu moja ukutani likaanza kuzunguka. Kisha la pili, kisha ukuta mzima, mamia ya magurudumu yakizunguka kwa mlio mwembamba kama nzi waliofungiwa kwenye chupa, viatu vikaanguka kimoja kimoja, vikasimama vyenyewe, vikapanda ile sakafu bila miguu ndani yake, vikampita huku na huku akiwa amebana kanga mdomoni ili asipige kelele, vikajipanga mbele ya mlango wa chuma safu kwa safu kama watu wanaosubiri kuswali, na vyote vilipotulia, kutoka ndani, kwa mkono uliochoka, mlango ukagongwa mara tatu, ukanyamaza, ukagongwa mara moja, na chini ya mlango ukapulizika unga wa njano, na katika ule unga, juu ya saruji, ikaonekana michoro minne ya vidole vilivyotafuta upenyo.

Zuena alikaa chini. Tatu, kimya, moja. Hivyo ndivyo Mrisho alivyogonga nyumbani alfajiri, akitoka lindo, ili mkewe ajue ni yeye.

Haruni akamwita Bi Biasha, mganga. Alikuja siku ileile na chetezo na ubani, Saadi kambebea mkaa. Walipofika mbele ya mlango, ukagongwa. Tatu. Kimya. Moja.

Bi Biasha aliweka chetezo chini.

"Saadi, mwaga huo mkaa nje."

"Bibi, hujafukiza bado," Haruni alinong'ona.

"Nilishafukiza. Mwaka ule ushirika ulipofungwa. Mliniita nyinyi watu wa mji, mkasema jini la ushirika limekasirika, linapiga mlango. Nilikaa hapahapa siku tatu, nasoma, moshi naupepea chini ya mlango uingie. Likigonga hivihivi. Siku ya nne likanyamaza. Mkanipa kuku, mkanisifu." Akamgeukia Zuena, lakini hakumtazama usoni. "Jini halichoki kwa siku tatu, mjukuu wangu. Anayechoka ni mtu."

"Alisema kitu?" Zuena aliuliza.

"Aliomba maji. Tukasema majini hupenda maji."

Basi ndiyo hivyo. Maafisa wa ufilisi walikuja Ijumaa adhuhuri, watu wako msikitini, gari linanguruma nje, dereva ana haraka. Mrisho alikuwa ndani anafagia nyuma ya magunia. Wakavuta mlango, mnyororo, kufuli, lakiri, signed and sealed, wakaondoka. Harufu ilipoanza tulisema popo wamekufa darini.

Zuena alichukua nyundo ya Saadi.

"Mwanangu, hiyo lakiri ni jela," alisema Haruni.

"Baba yangu yuko jela miaka miwili."

Akapiga. Lakiri ikapasuka, kufuli likakataa. Mgambo wakafika kabla ya pigo la kumi, wakamlaza ndani siku mbili kwa kuharibu mali ya umma. Aliporudi akakuta kufuli jipya, lakiri mpya, duka limefungwa, na Haruni kapewa barua ya kuhama. Viatu vimebaki humo. Ukichungulia tundu la dirisha utaviona, safu kwa safu, na siku ya Ijumaa magurudumu yanazunguka. Mama Zuena amenunua sanda, ameikunja, ameiweka sandukuni. Anasubiri.

Sasa nyinyi maafisa wa ufilisi, wenye ufunguo. Barua tatu tumewaandikia, mmejibu faili linashughulikiwa. Leteni ufunguo Ijumaa hii, kabla ya adhana. Msilete mganga, msilete semina. Na mkifika mlangoni, kabla hamjaingiza ufunguo, ulizeni kwa sauti kile ambacho hamkuuliza siku ile: humu ndani kuna mtu?